Mzigo wa Nyasi na Hesabu ya Kaboni

Ingia kwenye kibanja cha Nkwenda, huko Kyerwa, asubuhi, umande haujakauka, usukume matandazo kwa ncha ya mguu. Tabaka la juu ni nyasi za msimu huu, kavu, bado zina umanjano wake na zinachoma ukizishika. Chini yake kuna majani ya mgomba na vipande vya migomba iliyokatwa baada ya mkungu kushuka, vimelegea na vinateleza. Chini zaidi huwezi tena kusema hili ni jani na huu ni udongo. Minyoo inakimbia mwanga, na vidole ukivitoa vimepakwa weusi wenye harufu ya mvua. Sasa toka migombani, upite mlamula uliopandwa mpakani, upande kilima hatua mia mbili au tatu hadi kwenye uwanda wa nyasi. Chimba hapo. Udongo unapukutika kiganjani, hauachi hata doa. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, na mara nyingi hata mwamba ulioko chini ni mmoja.

Weusi ule wa kibanjani ulibebwa. Ulibebwa kichwani kama mzigo wa nyasi, tumboni mwa ng'ombe, ndani ya kapu la maganda ya ndizi na ndoo ya majivu, siku hadi siku, mpaka wajukuu wakakuta udongo ambao babu zao hawakuukuta. Naanza na mzigo huo kwa sababu siku hizi wilaya za Kyerwa na Karagwe, mkoani Kagera, zimefikiwa na watu wa aina nyingine ya hesabu, wanaokuja na vipimo vya satelaiti na fomu, wakihesabu hewa ukaa iliyofungwa ndani ya miti na udongo ili iuzwe kwa makampuni ya mbali. Siwapingi. Ila nimejaribu kuiweka hesabu yao kando ya hesabu za kale za kutunza udongo, za hapa na za mbali, na kila mara nimerudi kwenye swali moja: huu utajiri ulioko shambani ulitoka wapi, na nani aliubeba?

Neno lenyewe linafundisha. Kibanja ni ndugu wa damu wa kiwanja na uwanja, mahali palipofyekwa pakawa pa watu. Kwa Wanyambo na Wahaya, kibanja ni nyumba, makaburi ya wazee, migomba, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na mitoma mikubwa iliyokuwa ikitoa magome ya kutengenezea nguo. Pembezoni mwake Wahaya wana jina la kikamba, shamba ambalo halijawa kibanja bado au limeanza kuacha kuwa kibanja. Nje kabisa ni rweya, nyika ya nyasi isiyo ya mtu mmoja, ambako ng'ombe walilisha, watu walikata nyasi za kuezekea, na wanawake walilima omusiri, yaani kishamba cha njugumawe au mazao mengine ya msimu, kisha wakaiacha ardhi ipumzike kwa miaka.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa mbebaji mkuu. Karagwe ilikuwa nchi ya ng'ombe. Ndivyo wasafiri Speke na Grant walivyoikuta mwaka 1861 walipofika kwa mfalme wake, Mukama Rumanyika. Mchana ng'ombe walikula rweya, usiku walilala nyumbani, na kilichotoka kwao asubuhi kiliingia migombani. Mbuga ilikuwa ikihama kila usiku, kidogo kidogo, bila mtu kuhitaji kuisukuma. Kisha miaka ya 1890 sotoka ikapita katika nchi zote za maziwa makuu na kufyeka ng'ombe. Mahali pengi kazi ya kubeba rutuba ilibaki kichwani mwa binadamu, na kichwa hicho kwa sehemu kubwa kilikuwa cha mwanamke.

Mzigo wenyewe unastahili kutazamwa. Nyasi zinakatwa kwa mundu, zinakusanywa kwa mikono miwili, zinafungwa kwa kamba ya mgomba, na ngata inakaa kati ya kichwa na mzigo. Mbebaji akiteremka kilima, nyasi zinafunika macho yake. Anaijua njia kwa nyayo. Akifika anafungua kamba na kutandaza, lakini hasogezi nyasi hadi kwenye shina. Anaacha duara tupu kuzunguka kila mgomba, maana fukusi wa migomba hupenda kujificha kwenye unyevu ulioshikana na shina. Duara hilo ni elimu. Wiki chache zinapita, mvua inapiga, mzigo umekonda. Msimu mwingine anapanda tena kilima.

Desturi ya pili iko mbali sana, lakini inafanana na hii kwa namna iliyonishtua nilipoielewa. Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, maeneo ya Osnabrück na Emsland, na ng'ambo ya mpaka katika jimbo la Drenthe la Uholanzi, wakulima tangu zama za kati walikuwa na mashamba madogo ya nafaka karibu na kijiji na nyika kubwa ya vichaka vifupi nje yake. Walikwenda nyikani na jembe pana, wakabandua ngozi ya juu ya ardhi pamoja na mizizi yake, wakaipakia, wakaitandaza zizini chini ya ng'ombe na kondoo. Ilipolowa mkojo na mavi waliitoa na kuimwaga shambani. Vipande hivyo viliitwa plaggen. Walifanya hivyo kwa mamia ya miaka, shamba likipanda kwa takriban milimita moja kwa mwaka, hata leo mashamba hayo yameinuka kama mgongo wa kobe kuliko ardhi iliyoyazunguka, na udongo mweusi ndani yake unafikia mita moja na wakati mwingine zaidi. Mwaka 2013 Ujerumani iliuteua udongo huo kuwa udongo wa mwaka.

Ukisimama hapo tu utasema: tazama, binadamu anaweza kuumba udongo. Ni kweli. Lakini tazama na upande wa pili. Shamba moja lilihitaji eneo kubwa mara nyingi la nyika ili lilishwe, na nyika iliyobanduliwa ngozi mara nyingi haikupata muda wa kupona. Mchanga ulifunguka, upepo ukaubeba, ukazika mashamba na kutishia vijiji. Katika eneo la Veluwe nchini Uholanzi ungali unahama mpaka leo. Kila sentimita ya weusi kijijini ina jangwa lake dogo nje ya kijiji. Mfumo huo uliisha mbolea za viwandani zilipoenea, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Mwaka 1890, Emin Pasha alipojenga boma la Wajerumani pale Bukoba, huko Ujerumani desturi hii ilikuwa inakata roho, na hapa, kwenye migomba ya Wahaya, mzigo wa nyasi ulikuwa unashuka kilima kama kawaida.

Basi kibanja na rweya ni shamba na nyika ya Osnabrück kwa majina mengine. Tofauti iko kwenye kisu. Mnyambo alikata jani, akaacha mzizi ardhini. Mjerumani alibandua mzizi pamoja na udongo. Ndiyo maana rweya imekonda lakini haijawa jangwa. Lakini tusijidanganye kwamba haikulipa. Watafiti waliopima mashamba ya Bukoba miaka ya 1990 walionyesha kwamba virutubisho vya kibanja hutegemea sana ng'ombe na nyasi zinazotoka nje yake, na kaya isiyo na ng'ombe inakula akiba. Kibanja kinang'aa kwa sababu rweya inakopwa.

Nyumbani Tanzania tuna ndugu wengine wa mzigo huu. Mlamula, ambao jina lake linatokana na kuamua shauri, ni wa ukoo mmoja na masale ya Wachaga, na miti yote miwili huwekwa mpakani ili isimame kati ya watu wanaogombana. Kihamba cha Kilimanjaro, ambacho kule Shimbwe Juu kimetambuliwa na shirika la FAO tangu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kinaishi kwa nyasi ambazo wanawake wanazipandisha kutoka tambarare za chini ili walishe ng'ombe wa zizini. Wamatengo wa Mbinga peke yao walipata njia ya kutobeba mbali. Katika ngolo, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika. Nyasi zinaoza pale pale zilipoota, na mashimo yanazuia maji yasikimbie na udongo. Kwa macho yangu hiyo ndiyo desturi yenye deni dogo kuliko zote nitakazozitaja, na inasikitisha kuona haizungumzwi nje ya Ruvuma inavyostahili.

Kuna pia ukoo wa mkaa. Kiswahili kinausema vizuri: hewa ukaa, makaa, mkaa, yote ni mti ule ule ulioungua kwa viwango tofauti. Mti ukiungua wote hewani, unapotea. Ukiungua nusu, ndani ya moshi mzito, unabaki mkaa, na mkaa ukizikwa hukaa ardhini kwa karne nyingi. Watu wa Amazon walijenga kwa njia hiyo, pamoja na mifupa, vigae na taka za jikoni, udongo mweusi ambao una umri wa zaidi ya miaka elfu moja na bado unalimwa. Tulizoea kuusifu kana kwamba ni muujiza wa huko peke yake. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilitangaza kwamba Liberia na Ghana zina udongo wa namna hiyo unaotengenezwa hadi leo, sehemu kubwa na wanawake, kwa majivu, mkaa wa kuchemshia mawese na mabaki ya chakula, na kwamba kaboni yake inazidi ya udongo wa jirani kwa asilimia 200 hadi 300. Huko umri wa mji husomwa kwenye kina cha udongo wake mweusi. Jaalia Kyerwa ingekuwa na desturi ya kusoma hivyo. Kina cha kibanja kingetuambia bibi alibeba mizigo mingapi.

Karagwe yenyewe imeijaribu njia ya mkaa, na hapa kuna namba ambazo nadhani kila ofisa kilimo wa wilaya hizi mbili angepaswa kuzijua kwa moyo. Shirika la wakulima la MAVUNO lilishirikiana na wahandisi na watafiti wa Ujerumani katika mradi ulioitwa CaSa. Majiko yaliyopika kwa gesi ya kuni yalibakiza mkaa. Vyoo vikavu vilitenga mkojo na kinyesi, kinyesi kikapashwa moto wa kuua vijidudu, kisha vyote vikachanganywa na taka za shamba kuwa mboji. Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na wenzake waliipima mboji hiyo shambani, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Udongo wa eneo hilo ni wa majivu ya volkeno, ambao una tabia ya kuikamata fosforasi na kuinyima mimea. Kiwanja kisichowekewa kitu kilitoa mahindi tani 1.10 kwa hekta. Chenye tope la biogesi kilitoa tani 2.63, chenye mboji ya kawaida 3.18, na chenye mboji ya mkaa na choo tani 4.40. Kwa mboji hiyo ya mwisho uchachu wa udongo ulipungua, kipimo cha pH kikipanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi inayopatikana kwa mmea ilipanda karibu mara tisa.

Tusikimbilie kushangilia kana kwamba viwanja vya mita tisa za mraba ni wilaya nzima. Watafiti wenyewe walionya kwamba bado kuna kazi ya kupatanisha kinachoingia na kinachotoka katika shamba zima. Kinachonigusa mimi ni mahali mbolea ilipotoka. Haikutoka rweya. Ilitoka jikoni na chooni, yaani kilichokuwa kimetoka shambani kilirudi shambani. Huko Japani, zama za Edo, kinyesi cha mjini kilikuwa bidhaa yenye bei, kikinunuliwa na wakulima, na Mmarekani F. H. King, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu wakulima wa Uchina, Korea na Japani, aliwashangaa Wamarekani wenzake waliokuwa wakimwaga utajiri huo mtoni. Kwetu haya ni mambo ya kuona aibu, na sidharau aibu ya watu. Lakini ukweli unabaki kwamba kila mkungu unaopakiwa lori Nkwenda kwenda sokoni mjini huondoka na potashi na fosforasi ya kibanja, na hakuna lori linalozirudisha.

Sasa nije kwenye daftari jipya, la kaboni. Shirika la Vi Agroforestry lilizaliwa mwaka 1983, wasomaji wa jarida la Kiswidi liitwalo Vi walipochangia upandaji miti Pokot Magharibi, Kenya. Neno vi kwa Kiswidi ni sisi. Shirika hilo ndilo lililoleta Karagwe na Kyerwa mradi wa Emiti Nibwo Bulora, miti ndiyo uhai, chini ya kanuni za Plan Vivo, ambazo mizizi yake ni mradi wa wakulima wa Chiapas, Mexico, wa miaka ya 1990. Mkulima anachora ramani ya shamba lake, anapanga atapanda wapi: mpakani, katikati ya mazao, bustani ya matunda au msitu mdogo. Anapanda msizi wa asili, msambya, au grevilea iliyotoka Australia. Miti inakaguliwa, malipo yanakuja kwa awamu kadiri inavyosimama, na kanuni inadai angalau asilimia 60 ya mauzo iwafikie wakulima wenyewe. Kwa biashara ya aina hii, hilo ni sharti la heshima.

Mtu wa Kagera akisikia habari hiyo ana neno la kuipimia, nalo ni butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au punje changa mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ada ya shule au ugonjwa hauwezi kungoja mavuno. Serikali imepiga vita butura miaka mingi. Na vyeti vya Plan Vivo kwa kawaida vimekuwa vikiuzwa kabla kaboni haijakusanyika, kwa ahadi ya mti utakaokua. Je, hiyo si butura ya hewa? Nimelifikiria swali hili kwa muda, na jibu langu ni hapana, kwa sharti. Butura ni dhuluma kwa sababu mnunuzi peke yake ndiye anayeijua bei ya kesho. Mkataba wa kaboni unaacha kuwa butura pale tu mkulima anapojua tani zake ngapi zimeuzwa, kwa bei gani, kwa nani, na amejifunga miaka mingapi. Pasipo hayo, ni butura iliyovaa suti.

Kagera ina kumbukumbu nyingine ya kutahadhari nayo. Chini ya mfumo wa ardhi wa nyarubanja, mkulima aliishi na kulima juu ya kibanja kilichohesabiwa kuwa cha bwana, akimlipa kwa mazao na kwa kazi, hata kama migomba ilikuwa imepandwa na baba yake. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuvunja kamba hiyo. Wazee wanaokumbuka hawahitaji kuelezwa kwa nini karatasi inayosema mti ulio kwako una mwenye haki mwingine ng'ambo ya bahari inapaswa kusomwa mara mbili.

Hesabu ya udongo, tofauti na ya miti, ilipata mlango wake Kenya. Katika maeneo ya Kisumu na Kitale, Vi Agroforestry na Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia walifundisha matandazo, mboji, kilimo mseto na miti kwenye hekta zipatazo 45,000. Januari 2014 mradi huo ulitoa vyeti vya kwanza duniani vya kilimo cha namna hiyo: tani 24,788 za hewa ukaa. Ziweke tani hizo mbele ya makumi ya maelfu ya wakulima wa mradi; katika shehena hiyo ya kwanza wastani haufiki hata tani moja moja. Faida yao ya kweli ilikuwa kwenye gunia la mahindi. Mtu akikuambia kaboni ya udongo itakujengea nyumba ya bati, mwombe akuonyeshe hesabu hiyo.

Kaboni ile haikupimwa kwa kuchimba kila shamba. Ilikadiriwa kwa kanuni ya hesabu iliyotokana na kituo cha Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya mashamba yanaendelea tangu mwaka 1843. Kuna kipande kimoja cha shayiri huko kilichowekewa samadi kuanzia 1852 hadi 1871, kisha samadi ikakoma. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kina kaboni nyingi kuliko kipande cha jirani ambacho hakikuwahi kupewa samadi. Miaka 20 ya ukarimu ilibaki imeandikwa ardhini. Lakini wanasayansi wa kituo hicho hicho, David Powlson na wenzake, walionya mwaka 2011 kwamba samadi iliyohamishwa kutoka shamba moja kwenda jingine haijaipunguzia anga kitu. Kaboni imebadilisha makazi tu. Hilo ndilo neno la kibanja na rweya, limesemwa kwa Kiingereza cha maabara.

Hapo ndipo madaftari yote yanapokutana, na hapo ndipo natofautiana na wengi wanaoitazama rweya wakaona ardhi tupu inayongoja miti. Katika Kagera, misonobari na mikaratusi imekwisha kupanda vilima vingi vya nyasi. Kwenye fomu ya kaboni hiyo ni faida tupu: jana palikuwa na nyasi, leo kuna magogo, na kila tani ya kaboni ndani ya gogo inahesabiwa kuwa tani 3.67 za hewa ukaa. Lakini nyasi zile zilikuwa matandazo ya mtu. Mlima ukijaa mikaratusi, mbebaji ataenda mbali zaidi au ataacha, na kibanja kitaanza kukonda taratibu, mgomba kwa mgomba, na hakuna fomu itakayoandika hasara hiyo. Migomba ya Kagera tayari imepigwa na mnyauko wa bakteria tangu mwaka 2006, na familia zilizong'oa migomba yao zinajua jinsi udongo uliojengwa kwa vizazi unavyoweza kubaki uchi kwa msimu mmoja. Miti ipandwe mpakani na ndani ya kibanja, ambako majani yake yanaanguka mahali yanapohitajika. Rweya ipewe haki yake ya kuwa rweya.

Na mbebaji apewe haki yake. Anna Tibaijuka, katika utafiti wake wa mwaka 1994 juu ya mashamba ya migomba na kahawa ya Kagera, alionyesha jinsi mgawanyo wa kazi na mali kati ya mume na mke unavyoigharimu kaya yenyewe mapato. Kahawa ilikuwa ya mwanamume, omusiri wa mwanamke, na kibanja ni cha ukoo, yaani kwa wengi ni cha wana wa kiume. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu pale Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka usawa huo kwenye maandishi. Lakini mkataba wa kaboni unamtafuta mwenye shamba, na mwenye shamba kwenye karatasi nyingi ni mwanamume. Mama aliyepanda kilima kwa miaka 40 hayupo kwenye ramani. Weusi wa udongo ni wake, sahihi ni ya mwingine, na fedha hufuata sahihi.

Tanzania sasa ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa hiyo jambo hili si la wageni peke yao. Lina ofisi na lina mtu wa kuulizwa. Nawaomba wajumbe wa serikali za vijiji Kyerwa na Karagwe waulize mambo ambayo fomu haiyaulizi: nyasi za kibanja hiki zinatoka kilima gani, kilima hicho kitapandwa nini, nani anazibeba, na jina lake liko ukurasa wa ngapi. Na kama mkataba uko mezani kijijini kwenu hivi sasa, usitiwe sahihi kabla mama yule wa ngata hajaketi benchi la mbele na kusomewa karatasi yote, kwa Kinyambo, neno kwa neno.